James Bond na Mapato ya Mlangoni



Tangu Februari 2025, Amazon ilipokabidhiwa usukani wa filamu za James Bond, na zaidi tangu Juni mwaka huo alipotajwa Denis Villeneuve kuwa mwongozaji, watabiri wa mapato hawalali. Kwa vinyozi wetu wa Bellaire filamu ya 26 ya mfululizo ulioanza na Dr. No mwaka 1962 ilishapangiwa fedha zake kabla hata kamera haijawashwa. Mmoja anasema dola bilioni moja, mwenzake anaongeza nusu, na wa tatu, ambaye hajaingia sinema tangu watoto wake wahitimu, anawabeza wote wawili.

Mimi kazi yangu ni uhandisi. Kwetu sisi, kabla ya kusema daraja litabeba tani ngapi, unatazama kwanza yaliyotangulia yalibeba nini, na lililopata ufa lilipatia wapi. Basi nami nimezitazama filamu za Daniel Craig kwa jicho hilo hilo.

Casino Royale ilifunguliwa hapa Marekani tarehe 17 Novemba 2006. Wikiendi ile ilipata dola milioni 40.8 na kushika nafasi ya pili. Iliyoishinda ilikuwa Happy Feet, katuni ya pengwini wanaocheza dansi, iliyopata milioni 41.5. Jasusi mwenye leseni ya kuua alipigwa na pengwini! Lakini watu waliendelea kuja wiki baada ya wiki hadi mapato ya Marekani yakafika milioni 167, yaani mara nne ya wikiendi ya kwanza, na dunia nzima ikatoa karibu milioni 600. Sasa tazama No Time to Die ya mwaka 2021. Wikiendi ya kwanza ilipata milioni 55, mbele ya ile ya 2006, lakini mwishoni jumla yake hapa Marekani ilikuwa milioni 161. Hiyo haifiki hata mara tatu. Ukikumbuka kwamba mwaka 2006 kiingilio cha wastani kilikuwa dola 6 na nusu hivi, na mwaka 2021 kilikuwa dola 9 au 10, utaona kwamba Casino Royale iliuza tiketi karibu milioni 25 na hii ya juzi milioni 16 hadi 18. Watu milioni saba au zaidi wamepotea njiani.

Wengi watasema ni Korona. Ni kweli ugonjwa ule uliahirisha filamu mara kadhaa, na wazee, ambao ndio wateja wakubwa wa Bond, waliogopa kukaa kwenye ukumbi uliofungwa. Ila hesabu haikubali kuishia hapo. Spectre ilitoka mwaka 2015, wakati hakuna aliyekuwa amevaa barakoa. Ilifungua kwa milioni 70 ikamaliza na milioni 200 hapa Marekani. Nayo ni pungufu ya mara tatu. Skyfall ya 2012, ambayo ndiyo iliyovuka bilioni moja duniani, ilifungua kwa milioni 88 ikafika milioni 304, mara tatu na nusu hivi. Kwa hiyo ufa ulikuwepo miaka mitano kabla ya Korona, na ni ufa wa hadithi.

Nieleze ninachomaanisha. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tulianza kumwona Bond katika majumba kama Empire na Avalon, au ndani ya gari pale Drive-In ya Msasani, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani (kwa hiyo wapo wenzetu waliopanga foleni mara mbili pale pale, kwanza kwa kiingilio, halafu kwa viza). Baadaye vikaja vibanda umiza, na ndani yake kikazaliwa kipaji ambacho Hollywood haikijui: msimuliaji. Lufufu kule Dar, na DJ Afro kule Kenya, walichukua filamu ya kigeni wakaisimulia upya kwa Kiswahili, wakiongeza utani wao na kumpa steringi jina wanalotaka. Kazi ile ina sharti moja gumu. Filamu lazima isimulike.

Casino Royale inasimulika. Mtu anatumwa kucheza karata na mwizi, anapoteza fedha za serikali, anampenda mwanamke aliyeletwa kumchunga, na mwanamke yule anamsaliti. Umemaliza, na aliyesikia anataka kwenda kuona. Jaribu kumsimulia mtu Spectre. Utaanza na adui, kisha itabidi useme kwamba adui huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya maadui wa filamu zote zilizopita, halafu kwamba waliwahi kulelewa nyumba moja na Bond, na mpaka hapo msikilizaji ameshageukia mpira. No Time to Die inamtaka mtazamaji awe amehudhuria masomo yote ya nyuma. Na mwisho wake ukavunja kanuni ambayo kila mtoto wa kibandani anaijua, kwamba steringi hafi. Mimi kifo kile kilinigusa, sikatai. Lakini mtu aliyetoka ukumbini amelia hamwambii jirani yake kesho kwa sauti ile ile aliyotoka nayo Casino Royale.

Ndiyo maana naona makadirio ya wikiendi ya kwanza yanapima kitu kimoja tu, nguvu ya matangazo. Wiki zinazofuata ndizo zinazopima filamu.

Pamoja na sifa zote hizo, Casino Royale ndiyo iliyotukosea zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki, na hili sijawahi kusikia mtabiri akiligusa. Mapema katika filamu tunaandikiwa kwamba tuko Mbale, Uganda. Mvua, msitu, na kambi ya waasi wenye bunduki. Ndugu msomaji, Mbale ni mji wa biashara chini ya Mlima Elgon, unaojulikana kwa kahawa ya Bugisu. Vita vya waasi wa Kony vilikuwa kaskazini, Gulu na Kitgum, na mwaka ule ule wa 2006 mazungumzo ya amani yalikuwa yakiendelea Juba. Msitu wenyewe uko Uingereza, bustani ya Black Park karibu na studio za Pinewood. Hata Madagaska ya filamu ile ilipigwa Bahama.

Ya mahali nisingeyapigia kelele, sinema ni sinema. Linalonikera liko ndani ya hadithi yenyewe. Fedha za kiongozi yule wa waasi, Obanno, ndizo zinazoendesha filamu nzima. Anazikabidhi kwa Le Chiffre, Le Chiffre anazicheza kwenye soko la hisa, Bond anamharibia, na ndipo inapohitajika meza ya karata ili hasara ifidiwe. Toa fedha zile na hakuna filamu. Lakini hakuna mtu hata mmoja, kwa saa mbili na zaidi, anayeuliza zilitoka kwa nani. Obanno anatokea tena hotelini kudai chake, anauawa kwenye ngazi, na hadithi inasonga. Humu Sharpstown na jirani zetu wa Gulfton kuna familia zilizotoka Kivu zikiwakimbia waasi wa kweli, na wao wanajua vizuri fedha za namna ile hukusanywa vipi na kwa nani. Kijana wa familia kama hiyo akilipa kiingilio, dola zake zinahesabiwa katika mapato ya Amerika ya Kaskazini sawasawa na za mwingine yeyote, ila hadithi haimhesabu.

Wapo waliohesabu. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alimwazima Bond waziwazi: Willy Gamba wake anapenda vinywaji, magari na wanawake kupita kiasi, na baadhi ya kurasa zile leo ningezipitia haraka mbele ya binti yangu. Lakini katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 kinachoibwa kina wenyewe. Ni siri za wapigania uhuru, katika Dar es Salaam iliyokuwa kweli makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na zikipotea watakaokufa ni watu ambao msomaji alipishana nao barabarani. Kitabu kile kilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika, na wasomaji wake wengi hawakuingia katika hesabu ya mauzo, kama ambavyo watazamaji wa vibandani hawakuingia katika mapato ya mlangoni.

Turudi kwa Villeneuve. Rekodi yake ina sura mbili. Blade Runner 2049 ya mwaka 2017, ambayo binafsi naipenda, ilifungua hapa Marekani kwa milioni 33 na kuishia 92. Dune ya pili ya mwaka 2024 ilifungua kwa milioni 82 ikafika 282, na duniani zaidi ya 700. Anaweza basi kuwarudisha watu wiki ya tatu na ya nne, akipewa hadithi iliyonyooka. Wasiwasi wangu uko kwa mwenye mali. Kwa Amazon mlango wa sinema ni mmoja tu kati ya milango yake mingi. Kampuni inayouza kila kitu, ambayo maboksi yake wapo ndugu zetu wanaoyapakia usiku kucha, inaweza kuridhika na filamu iliyoanguka sinema mradi imeleta wanachama wapya wa huduma yake. Hapo lile shinikizo la kusimulia vizuri linalegea.

Makadirio yangu ni haya. Bond akianza upya, bila mkia wa filamu zilizopita, naona milioni 800 hadi 900 duniani, na nyingi kati ya hizo zitaingia baada ya wikiendi ya kwanza. Wakiunganisha tena kila adui na kila babu yake, hawafiki zile 774 za mwaka 2021. Tiketi tano za familia yangu, kabla ya bisi na soda, ni dola 60 hivi. Nitazitoa wiki ya pili, baada ya kumsikia kinyozi akiisimulia.