Fundi Aliyeirudia Kazi Yake

Mwalimu arudishapo daftari la mtoto na kumwambia, "Andika tena," mara nyingi mtoto huandika yale yale kwa mwandiko mzuri zaidi. Hufuta madoa, hunyosha mistari, huongeza maneno mawili matatu, kisha huleta daftari akitazamia sifa. Sisi tulio walimu twaujua uchungu wa kulisoma daftari la namna hiyo: makosa yameondoka, wala hakuna jambo jipya lililofikiriwa. Ndiyo sababu tuliposikia ya kuwa fundi mkubwa wa picha za sinema aliirudia picha yake mwenyewe baada ya miaka 22, tulitaka kujua ni daftari la namna gani alilolileta mara ya pili.

Fundi huyo ni Alfred Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899, akafa mwaka 1980. Sifa yake ilikuwa katika picha za taharuki, zile zimfanyazo mtazamaji akae roho juu. Picha tunayoisema huitwa The Man Who Knew Too Much, maana yake Mtu Aliyejua Mno. Aliitengeneza kwanza Uingereza mwaka 1934. Haina rangi, nayo huchukua dakika 75 tu. Mwaka 1939 alihamia Marekani, na huko akaitengeneza upya, ikatolewa mwaka 1956, yenye rangi na urefu wa saa mbili. Tumezitazama zote mbili kwa jioni mbili zilizofuatana, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona.

Kiini cha kisa ni kimoja. Mume na mke wamo safarini katika nchi ya kigeni pamoja na mtoto wao wa pekee. Huko wafahamiana na mtu mmoja, kumbe ni mpelelezi. Mtu huyo auawa, na kabla ya kukata roho awaachia siri: huko London, kiongozi wa nchi nyingine ameandaliwa kifo. Waovu wenye shauri hilo wapata habari ya kuwa siri imefika kwa wazazi wale. Wamteka mtoto, kisha wawaletea wazazi neno: mkifungua kinywa, hamtamwona tena. Basi wazazi waingia London wamebeba mizigo miwili isiyobebeka pamoja, roho ya mtoto wao na roho ya mtu wasiyemjua.

Katika picha ya kwanza mambo huanza penye theluji ya St. Moritz, nchi ya Uswisi. Mama, jina lake Jill, ni hodari wa bunduki. Twamwona akishindana kulenga shabaha za udongo zirushwazo hewani, naye ashindwa kwa sababu ya mlio wa saa ya mfukoni. Aliyemshinda ni yule yule atakayetumwa kuua. Jambo hilo lapita kama mchezo, wala mtazamaji halitii moyoni. Lakini karibu na mwisho polisi wameizingira nyumba ya waovu katika mtaa wa Wapping, huko London, na mwuaji yuko juu ya paa akimwandama binti, Betty. Polisi mwenye bunduki asita, achelea kumpiga mtoto. Mama amnyang'anya bunduki, alenga, apiga. Shabaha iliyomponyoka mchezoni haikumponyoka siku ya dhiki. Hivyo ndivyo kisa kitungwavyo kwa akili, na picha hii fupi haina dakika iliyopotea bure.

Tena ina mwovu ambaye ni vigumu kumsahau, Abbott, aliyeigizwa na Peter Lorre. Lorre alikuwa ameondoka Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika utawala, na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Abbott huyu si mtu wa kufoka. Hutabasamu, hufanya mzaha na wale aliowafunga, na ubaya wake waonekana zaidi kwa sababu ya upole wake.

Katika picha ya pili safari huanza Marrakech, nchi ya Moroko. Baba ni daktari Mmarekani, Ben McKenna, aliyeigizwa na James Stewart. Mama ni Jo, aliyeigizwa na Doris Day, naye zamani alikuwa mwimbaji mwenye jina kubwa. Mtoto sasa ni wa kiume, Hank. Mpelelezi achomwa kisu sokoni, na siri aliyoiacha ni jina, Ambrose Chappell. Daktari adhani ni jina la mtu. Aenda London kumtafuta, akaangukia kwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama waliokufa ili wafanane na walio hai, ambaye hana hatia yoyote. Kumbe ni jina la kanisa dogo, nalo ndiko waliko waovu.

Neno hili la kanisa litawasumbua baadhi ya wasomaji wetu, kama lilivyotusumbua sisi. Katika picha zote mbili waovu wamejificha katika nyumba ya ibada: katika ya kwanza ni watu wanaojifanya waabudu jua, na katika ya pili mwovu asimama mimbarani na kuhubiri. Hatukuona dhihaka humo. Twaona ya kuwa Hitchcock alijua kwamba mwivi huvaa nguo ya mtu aaminiwaye, wala si nguo ya mwivi. Tena katika picha ya pili mke wa mhubiri yule wa uongo ashikwa na huruma kwa mtoto, na huruma yake ndiyo ifunguayo njia ya wokovu. Picha ya kwanza haikumpa mwovu yeyote moyo wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika picha ya pili, mama hana bunduki. Ana sauti tu. Mwishoni Jo aombwa kuimba mbele ya wageni katika ubalozi ambamo mtoto amefichwa ghorofani. Aimba wimbo aliozoea kuuimba na mwanawe, "Que Sera, Sera", uliotungwa na Jay Livingston na Ray Evans, ambao ulishinda tuzo kubwa ya sinema ya Marekani kwa nyimbo za mwaka 1956. Aimba kwa nguvu kupita adabu ya chumba kile, hata wageni watazamana. Sauti yapanda ngazi, yapita milango, yafika alipo mtoto. Naye mtoto ajibu kwa mluzi.

Msomaji aweza kusema: bunduki imebadilishwa kuwa wimbo, basi, mwandiko umependezeshwa. Hata sisi tulidhani hivyo kwanza. Lakini tukumbuke yaliyotangulia. Twaambiwa mapema ya kuwa Jo aliacha kuimba jukwaani ili aishi mahali penye kazi ya mumewe. Kisha, huko Marrakech, daktari apata habari ya kuwa mtoto ametekwa, naye hamwambii mkewe. Kwanza ambembeleza ameze vidonge vya kumlegeza, na mke asipotaka ashurutishwa, ndipo amwambia. Mama alia na kutaka kuinuka, wala mwili haumtii tena. Daktari aliona kwamba ni huruma. Sisi tuliona kwamba mwanamke huyu amefungwa kinywa mara ya pili, na mara hii amefungwa na mtu ampendaye. Hakuna jambo katika picha zote mbili lililotuumiza kuliko hilo, ingawa halina damu wala kisu. Basi kinywa kile kilichofungwa ndicho kilichokuja kumwokoa mtoto. Hayo hayakuwamo katika picha ya mwaka 1934. Jill wa kwanza alikuwa hodari tangu mwanzo, na hakuna aliyemzuia. Fundi alikuwa amejiuliza swali jipya.

Tena tazameni yaliyotendeka katika jumba la Royal Albert Hall, London, maana hapo picha zote mbili zinakutana. Mwuaji ameagizwa apige risasi wakati muziki upandapo kabisa, ili kishindo kiufiche mlio. Muziki ni ule ule katika picha zote mbili, kazi ya Arthur Benjamin, mzaliwa wa Australia, aliyeutunga kwa ajili ya picha ya kwanza. Mama yumo jumbani, ameijua siri. Akipiga yowe, huenda mtoto wake akafa. Akinyamaza, mtu atakufa mbele ya macho yake.

Katika picha ya kwanza, mapema kidogo, mtu wa serikali awajia wazazi na kuwakumbusha Sarajevo, mji ambao watu wengi hawakuujua mpaka mwezi Juni mwaka 1914, ambapo risasi za mtu mmoja zilitangulia vita vikuu. Ni hoja nzuri, nayo yamsaidia mtazamaji kufahamu uzito wa mambo. Katika picha ya pili Hitchcock hategemei hoja hiyo. Kwa muda wa dakika kama 12 hatusikii neno moja la mazungumzo. Twasikia muziki tu, ukiongozwa na Bernard Herrmann, ambaye ndiye aliyeitungia picha hiyo muziki wake mwingine. Twamwona mpiga matoazi akingoja zamu yake. Twaona kurasa za muziki zikipita. Twaona bastola ikichungulia pazia. Twauona uso wa mama ukilowa machozi. Daktari afika, mke amwonyesha hatari, midomo yatikisika, wala hatusikii kitu. Tena fundi alikwisha kutusikilizisha mapema, kwa santuri, mahali penyewe ambapo matoazi yatagongwa. Mtazamaji asiyejua neno hushtuka mara moja. Ajuaye huteseka dakika zote 12. Nasi twawa kama yule mtu wa jina la picha: tumejua mno. Hata yowe lilipotoka, mmoja wetu aliyekuwa chumbani alikuwa amekwisha kusimama bila kujijua. Yowe lilimshtua mwuaji, na kiongozi yule akajeruhiwa kidogo tu.

Haya tumeyasifu. Lakini mhakiki asifuye tu amefanya nusu ya kazi. Picha ya pili ina uvivu ambao ya kwanza haikuwa nao: habari ya fundi wa ngozi za wanyama yachekesha, ila yachukua muda bila kuongeza kitu, na waovu wake hawamfikii Abbott.

Tena lipo lililo zito zaidi, na hapa twaomba ruhusa tuseme kama Waafrika. Picha ilipigwa Marrakech mwaka 1955, na ilitolewa mwaka 1956, mwaka ule ule ambao Moroko ilipata uhuru wake kutoka Ufaransa, mwezi Machi. Watu wa Marrakech wamo tele: sokoni, barabarani, ndani ya basi, hotelini. Lakini hakuna hata mmoja ambaye shida yake ni shida ya kisa. Mtu aliyevaa kanzu anayechomwa kisu sokoni, yule ambaye kifo chake kinatuhusu, aanguka mikononi mwa daktari, na rangi ya uso wake yabaki vidoleni mwa daktari. Kumbe alikuwa Mfaransa aliyejipaka. Kweli, Uswisi nayo ilitumiwa kama pazia tu mwaka 1934. Ila hakuna aliyejipaka uso ili afe badala ya Mswisi. Fundi aliyeweza kumrudishia mama mmoja sauti yake hakuona kwamba palikuwa na watu wengine katika picha yake wasiokuwa na sauti. Twaandika hivyo bila chuki, kwa kuwa kazi nzuri haipungui kwa kuambiwa kasoro yake.

Mwaka 1962 Hitchcock alihojiwa na François Truffaut, mtengeneza picha wa Ufaransa, naye akazipima kazi zake mwenyewe: ya kwanza aliiona kuwa kazi ya mtu mwenye kipaji asiyekomaa katika ufundi, na ya pili kazi ya fundi aliyekomaa. Hatuwezi kubishana naye juu ya ufundi. Walakini kipaji kile cha kwanza kilikuwa na wepesi ambao ufundi haukuurudisha. Tukilazimishwa kuchagua moja, twaichagua ya pili, kwa ajili ya vidonge vile na yowe lile. Lakini twamshauri msomaji atakayepata nafasi azitazame zote mbili, na aanze na ya mwaka 1934, ili aone kilichobadilika mkononi mwa mama.

Sisi tulirudi darasani tukiwa na madaftari ya insha ya kurudisha. Safari hii hatukusema, "Andika tena." Tuliwauliza watoto, "Ni nini ambacho hukukiuliza mara ya kwanza?" Wengi walitutazama tu. Mmoja, aliyekuwa ameandika habari za mbuzi wao aliyepotea na jinsi yeye na kaka yake walivyomtafuta mpaka usiku, alikaa muda mrefu bila kugusa kalamu. Kisha akauliza, "Mwalimu, naweza kueleza jinsi mama alivyotungoja nyumbani?"

Tukamwambia aandike.