Djibouti: Nani Aliruhusiwa Kupiga Kura?

Wako wanahistoria wa kibeberu wanaodai kwamba watu wa Djibouti walichagua wenyewe kubaki chini ya Ufaransa, tena mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1967. Baadhi ya wanafunzi wetu hulikariri dai hilo. Tunalipinga, kwa sababu linahesabu kura bila kuuliza nani aliruhusiwa kupiga.

Ufaransa ilijipatia Obock mwaka 1862. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli zake zilihitaji makaa ya mawe njiani. Na reli ya Addis Ababa, iliyokamilika mwaka 1917, ikaifanya bandari ya Djibouti kuwa mlango wa Ethiopia. Hayo ndiyo maslahi. Mengine ni mapambo.

Mwaka 1958 Mahmoud Harbi aliwahimiza wananchi waseme "Hapana", akaondolewa madarakani. Agosti 1966 De Gaulle alipokewa kwa maandamano ya kudai uhuru. Jibu la mkoloni? Seng'enge kuuzunguka mji, na maelfu ya Wasomali kufukuzwa. Hapo ndipo zilipopatikana zile asilimia 60 za mwaka 1967.

Wako pia ndugu wanaowalaumu Waafar kuwa ni vibaraka. Nalo ni kosa: ni kuutazama umma kwa miwani ya mkoloni, aliyeligeuza hata jina la koloni likawa la makabila mawili. Sheria ya uraia ilipolegezwa mwaka 1976, kura ya Mei 1977 ilidai uhuru karibu kwa kauli moja. Bendera ikapandishwa Juni 27. Askari wa Ufaransa hawakuondoka.