Saba kwa Tatu

Ukiifungua modeli ya kuchora picha hukuti picha ndani yake. Unakuta namba. Stable Diffusion 1.5, iliyotoka Oktoba 2022, ni faili la gigabaiti chache tu, na sehemu yake inayochora imejaa namba zipatazo milioni 860. Sasa chukua watoto wake wawili, yaani modeli zilizoendelezwa kutoka kwake, mmoja aliyenolewa kwa picha za kamera na mwingine kwa michoro ya rangi za maji. Kila namba ya huyu ijumlishe na ya mwenzake iliyo mahali palepale, saba kwa tatu, mpaka zote ziishe. Ungetegemea takataka. Badala yake unapata modeli timamu: ngozi ya picha ya kamera, mwanga wa rangi za maji.

Siri ni ukoo. Wote wawili wametoka kwa mama mmoja na hawakwenda mbali naye, hivyo namba ya mahali fulani bado inafanya kazi ileile kwa wote. Jaribu kuichanganya 1.5 na SDXL ya Julai 2023 uone: maumbo yao hayalingani, na hesabu haianzi.

Kujumlisha kwa sehemu ni hatua ya mwanafunzi. Hesabu ninayoistaajabia mimi ni ya kutoa. Mtoto aliyenolewa, ukimtoa mama yake, hubaki na kile alichojifunza tu, ujuzi usio na mwili. Na ujuzi huo unaweza kuuongeza kwa ndugu yake ambaye hakuona hata picha moja ya somo lile. Wapo pia wanaogawa modeli vipande, kumi na viwili vya kushuka, kimoja cha kati na kumi na viwili vya kupanda, kila kimoja kikapewa kipimo chake. Hapo hesabu haisaidii tena. Fundi hutumia namba moja ya mbegu, ile inayoanzishia picha, na maelekezo yaleyale, hupanga matokeo safu kwa safu, kisha hukaa akitazama: hapa vidole vimeharibika, hapa kivuli kimekuwa kizito, hapa rangi zimepauka kama nguo iliyoanikwa juani wiki nzima. Asiye na jicho hubonyeza kitufe kilekile akapata modeli yenye sura moja ya msichana kwa kila jina utakalolitaja. Modeli za namna hiyo zimejaa tele, kwa sababu watu wamechanganya michanganyiko na michanganyiko mpaka hakuna ajuaye nani mjomba wa nani.

Kunoa ni kazi ya taratibu zaidi. Njia ya LoRA, iliyotolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha, huiacha modeli kama ilivyo na kufundisha kijalizo kidogo cha pembeni. Tuseme unataka ijue kanga, maana ukiiachia yenyewe huelekea kukupa kitambaa chochote chenye maua. Picha ishirini nzuri hushinda mia mbili za kuokoteza. Lakini ufundi wenyewe umo katika maelezo unayoandika chini ya kila picha. Unachokitaja, modeli hukitenga. Usichokitaja hukibandika kwenye neno jipya. Ukipiga picha zote mbele ya mlango wa buluu na usiutaje, kila kanga utakayoagiza itakuja na mlango wake. Basi unautaja mlango, unataja ukuta, jua, mwanamke aliyejitanda, unanyamaza kuhusu pindo na mji, ile sehemu ya kati ya kanga. Nguvu nayo ina mpaka: kijalizo kikizidishwa, pazia na shati la mpita njia vyote vinaota pindo. Mara nyingi 0.7 inatosha.

Wako wanaoiita kazi hii wizi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Jina la Greg Rutkowski, mchoraji wa Poland, lilitumiwa mno katika maelekezo ya mwaka 2022 bila yeye kuombwa ruhusa. Mimi huwapima mafundi kwa daftari. Mwenye kuandika alichukua modeli ipi, kwa kipimo gani, na picha za kunolea alizipata wapi, huyo ninamwamkia. Anayeficha mchanganyiko wake kwa madai kuwa ni siri ya biashara, wakati kila alichochanganya kimetoka kwa watu wengine, simwelewi.

Kuna kitu kimoja ambacho kwa kawaida huzishinda modeli za ukoo huu wa 1.5 hata zikiwa na kijalizo: jina la kanga, yaani maneno yake. Pindo litakaa sawa, mji utapendeza, lakini pale penye maneno hutokea herufi zisizosomeka, zimefanana na maandishi kwa mbali tu. Fundi mwenye busara hafukuzani nazo. Anaagiza kanga yenye nafasi tupu, anaihamishia kwenye programu ya kuhariri picha, na jina analiandika mwenyewe.