Pulsar ya kilomita 63,000: tulichokagua Mwanhuzi kabla ya kutoa pesa

Mpwa wangu alitaka Pulsar 150. Amepiga bodaboda hapa Mwanhuzi kwa Boxer ya mkataba hadi hesabu ya tajiri ikaisha na ikawa yake, na sasa alitaka pikipiki nyingine, yenye mbio kidogo na breki ya diski mbele. Tulipata mbili, zote zimetumika. Moja ilikuwa hapa hapa mjini, mita yake inasoma kilomita 21,000. Nyingine ililetwa kutoka Bariadi, inasoma 63,000, na mwenye nayo aliiombea radhi namba hiyo kabla hatujauliza. Tuliichukua ya pili. Naeleza tulivyofikia hapo, kwa sababu naona vijana wengi wakinunua mita na kusahau injini.

Tulianza na kadi ya usajili. Ile ya mjini ilikuwa na miaka 6 tangu isajiliwe, na muuzaji alikiri kwamba ilibeba abiria kwa miaka 3. Piga hesabu: dereva anayekwenda kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza kilomita 24,000 ndani ya mwaka mmoja. Kwa miaka 3 ni 72,000. Basi hiyo 21,000 imetoka wapi? Ama waya wa mita ulichomolewa, ama dashibodi ilibadilishwa, na kazi hizo zote mbili ni nyepesi kwa fundi. Raba za kukanyagia zilikuwa zimelika, na pedeli ya gia imebaki chuma kitupu. Raba hazirudishwi nyuma kama mita.

Kabla ya kuwasha yoyote, nilifungua eya klina. Kwa wilaya yetu ya Meatu, hapo ndipo pa kuanzia. Mvua zikikatika na msimu wa pamba ukiwa umefunguka, njia za kwenda Mwandoya na Bukundi hujaa udongo laini kama unga, na malori huutimua mchana kutwa. Injini inavuta hewa hiyo hiyo. Chembe zikipenya kwenye chujio zinaingia ndani ya silinda na kusaga ringi na bloku kama msasa. Pikipiki iliyotunzwa chujio inaweza kwenda mbali sana. Iliyoachiwa vumbi huchoka mapema, hata kama mita inasoma kidogo.

Nilitoa chujio, nikafunga kitambaa cheupe kwenye kidole na kukipitisha ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Huo ni upande ambao hewa inapaswa kuwa imeshasafishwa. Ile ya 63,000 iliacha utando wa oili tu. Ile ya 21,000 iliacha vumbi, na nilipolisugua kati ya vidole nikasikia linakwaruza. Sponji yake ilikuwa imeoshwa kwa petroli na kurudishwa kavu. Sponji kavu haikamati vumbi laini. Ikishaoshwa na kukauka, lazima itiwe oili kidogo, ikamuliwe, ndipo ifungwe.

Kisha tukashika injini kwa mkono. Ya kutoka Bariadi ilikuwa imesafiri, tukaisubiri ipoe kabisa. Ya mjini tuliikuta ina joto asubuhi na mapema, maana yake mwenyewe alishaipasha kabla hatujafika. Injini ya moto huficha kuwaka kwa shida, na pengine mlio wa kugonga pia. Tukaisubiri nayo. Ilipowaka na kuvutwa mafuta, ekzosi ikatoa moshi wa bluu kila mkono ulipozungushwa: oili inapita kwenye ringi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja tu wakati wa kuwasha, kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo gharama yake ni ndogo.

Pulsar ina plagi mbili kwenye silinda moja, mtindo ambao Bajaj waliuleta mwaka 2003, miaka miwili baada ya Pulsar ya kwanza kutoka India. Toa zote mbili, usiridhike na moja. Za ile ya Bariadi zilikuwa na rangi ya kahawia isiyokolea, yaani mafuta na hewa vinakwenda sawa. Za ile nyingine zilikuwa nyeusi na zimelowa oili.

Hata hivyo ile ya Bariadi haikuwa nzima. Cheni ya saizi 428 ikiwa mpya, pingili 20 zina urefu wa milimita 254. Tuliivuta ikakaza, tukapima kwa rula, tukapata 260. Cheni ya namna hiyo imekwisha, na meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka na kulalia upande mmoja. Tuliiweka kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele likiwa hewani, tukageuza usukani polepole: ulikuwa unanasa katikati. Beringi za shingo zimekufa. Mambo hayo mawili tuliyaandika kwenye karatasi na kuyakata kwenye bei, na muuzaji akakubali kwa sababu aliyaona kwa macho yake.

Mwisho tulilinganisha namba ya chasisi na ya injini dhidi ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi lilikuwa la muuzaji mwenyewe. Hilo ni muhimu sana huku kwetu, kwani pikipiki ya mkataba ambayo hesabu haijaisha bado ni mali ya tajiri, na anayeinunua kwa dereva amenunua kesi. Mkataba wa mauziano ukaandikwa, na umiliki unahamishwa TRA.

Kijana unayetaka kununua, nenda mapema, subiri injini ipoe, na weka kitambaa cheupe mfukoni. Kama muuzaji hataki ufungue eya klina, rudi nyumbani na pesa zako.