Jumapili za Frank Cole

Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu ni 147,573,952,589,676,412,927, namba ya tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba si tasa. Lakini njia yake ilithibitisha tu kuwa namba hiyo inagawanyika. Vigawo vyenyewe haikuvitaja. Ikapita miaka 27 watu wakijua kwamba vipo, bila mtu kuvijua.

Aliyevipata ni Mmarekani Frank Nelson Cole, kwa kalamu na karatasi.

Ni rahisi kudhani kazi hii inataka ukaidi tu: gawanya kwa 3, kwa 5, kwa 7, endelea mpaka moja ikubali. Kigawo kidogo kilichokuwa kikitafutwa ni 193,707,721. Anayejaribu kila namba witiri hadi kufika hapo atagawanya zaidi ya mara milioni 96, na umri hautamtosha. Ufundi huanzia pale mtu anapojua mahali pasipo na haja ya kutafuta.

Mwanahisabati Fermat alikwisha kutoa kanuni ya kwanza katika karne ya 17. Kipeo cha 2, yaani idadi ya 2 zinazozidishwa, kikiwa namba tasa, kama hii 67, kila kigawo tasa hupatikana kwa kuzidisha maradufu ya kipeo hicho kwa namba nzima fulani, kisha kuongeza 1. Tazama kipeo cha 11: jibu ni 2,047, yaani 23 mara 89. Ya kwanza ni 22 na 1, ya pili ni 88 na 1. Kwa kipeo cha 67 tunahesabu kwa hatua za 134, na zile milioni 96 zinashuka hadi milioni moja na nusu hivi. Kanuni ya pili inasema kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7; nusu ya zilizosalia zinaanguka. Ondoa zinazogawanyika kwa 3 na kwa 5, zinabaki chini ya laki nne.

Laki nne bado ni mzigo. Hapo Cole alitumia mabaki ya namba za mraba, yaani kinachosalia namba hizo zikigawanywa kwa ile namba kubwa. Kila baki alilolipata liliweka sharti jipya ambalo kigawo hakiwezi kulikwepa, na sharti kama hilo hufuta karibu nusu ya namba zinazongoja kujaribiwa. Kinachovutia ni subira ya aina hiyo: kukaa muda mrefu ukitengeneza masharti kabla ya kugawanya hata mara moja, ukijua kila sharti litakuokolea maelfu ya majaribio.

Oktoba 1903 alisimama mbele ya wanahisabati wenzake huko New York. Mwanahisabati Eric Temple Bell anasimulia kwamba Cole hakutamka neno. Alikokotoa namba kubwa upande mmoja wa ubao, akahamia upande wa pili na kuzidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kukaa, ukumbi ukapiga makofi. Bell anaongeza kuwa kazi hiyo ilikula Jumapili za miaka mitatu.

Kompyuta ya leo huvitoa vigawo hivyo kufumba na kufumbua, lakini msomaji anaweza kuvipima bila hiyo. Jumlisha tarakimu za namba kubwa: 109, kisha 10, kisha 1. Za kigawo kidogo: 37, kisha 10, kisha 1. Za kigawo kikubwa: 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, hesabu haijapingana. Hicho ni kipimo chepesi tu. Anayetaka uhakika azidishe tarakimu 9 kwa tarakimu 12, mazidisho madogo 108, kazi ya kurasa chache za daftari. Akimaliza, hatahitaji kumwamini Cole wala Bell.