Mshumaa na Ukuta: Sikukuu ya Taa ya Lyon

Shairi halipimwi kwa ukubwa wa karatasi lililoandikiwa, na taa haipimwi kwa upana wa ukuta inaoumulika. Kauli hii ni nyepesi kutamkwa, ila ni nzito kukumbukwa mbele ya kazi zinazotandazwa mjini Lyon, Ufaransa, kila mwaka katika siku chache zinazouzunguka usiku wa tarehe 8 Disemba. Sherehe hiyo, Fête des Lumières, yaani Sikukuu ya Taa, aghalabu husifiwa kwa wingi wa watu wake. Hakimu wake mwadilifu, hata hivyo, ni msafiri aliyefika peke yake. Asiye na mwenza wa kustaajabu naye hubakiwa na swali moja: je, taa hii inasema naye?

Asili ya sikukuu ni ndogo. Mwaka 1852 watu wa Lyon walingojea kuzinduliwa kwa sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Uzinduzi uliokusudiwa Septemba uliahirishwa kwa sababu ya mafuriko, na siku mpya ilipowadia, dhoruba ikatishia kuuvunja tena. Mbingu zilipotakata, wenyeji waliweka mishumaa madirishani, na mji ukang'aa nyumba kwa nyumba. Hadi leo familia nyingi huiweka mishumaa hiyo mifupi ndani ya vibilauri, kila ifikapo tarehe 8.

Juu ya desturi hiyo ikajengwa sanaa nyingine. Mwaka 1989 mji ulianza mpango maalumu wa kuyaangaza majengo yake, na tangu 1999 sikukuu ikawa ya siku kadhaa. Uwanja wa Terreaux na uso wa kanisa kuu la Saint-Jean hurushiwa picha za mwanga, jiwe likaonekana kupumua. Zilizo bora miongoni mwa kazi hizi hulitii jengo kama mshairi anavyoitii mizani: dirisha huwa kituo, nguzo huwa mwanzo wa kipande kipya, na macho hujifunza kuusoma ukuta ambao mchana yalikuwa yakiupita tu. Zilizo dhaifu zingeweza kurushwa kwenye ukuta wowote wa mji wowote. Hizo ni vina bila ya maana. Muziki wake uliorekodiwa humwamuru mtazamaji wapi ashtuke na wapi alainike. Dakika chache zikipita, kazi huanza upya, na umati husukumwa mbele katika njia ya upande mmoja.

Kwa hiyo msafiri wa pekee hufanya vyema kuiacha njia hiyo kwa saa mbili tatu. Katika mtaa wa Lanterne, ambao jina lake lina maana ya fanusi, ipo Hot Club, klabu ya jazi iliyoasisiwa mwaka 1948. Muziki ulio hai humsikia msikilizaji wake: mpigaji huujua ukimya uliomo ukumbini, akaupa nafasi. Vivyo hivyo katika migahawa midogo iitwayo bouchon, ambamo meza hubanana hata aliye peke yake akala bega kwa bega na jirani asiyemjua. Vyakula vingi humo ni vya nguruwe, lakini wapo samaki wa mtoni waliopondwa na kufinyangwa, na jibini laini lenye majani ya kunukia linaloitwa ubongo wa mfuma hariri, mzaha wa mji uliolishwa na vitanda vya mfumi.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa mwaka 2015. Mashambulizi ya tarehe 13 Novemba yaliua watu 130 mjini Paris na Saint-Denis, na sikukuu ya Lyon ikafutwa. Watu wakaombwa jambo moja tu: kuwasha mishumaa madirishani kwa kuwakumbuka waliouawa. Maonesho makubwa yaliondoka, na usiku wa tarehe 8 haukupungukiwa na kitu cha msingi. Kilichosalia ndicho kilichokuwa kiini.

Haifuati kwamba picha za ukutani zitupwe. Bila ya hizo, wachache wangesafiri hadi Lyon katika baridi ya Disemba, na baadhi yake ni sanaa ya kweli. Lakini hizo ni beti, na mshumaa ndio kibwagizo; beti zinazosahau kibwagizo chake hutawanyika, hata zingekuwa tamu namna gani. Msafiri arejeapo alipofikia, huenda akaona juu, katika ghorofa ya tatu, kimwali kimoja kingali kikiwaka. Hamjui aliyekiwasha, wala mwashaji hakumjua yeye. Hata hivyo anajua kwamba nyuma ya kioo kile mtu alisimama, akawasha kiberiti, akamfikiria apitaye njiani.