Tangi la Matumbawe Carrollton: Bomba Moja Haliwezi Kutosha

Duka la samaki wa mapambo huishi kwa maji yanayozunguka. Safu nzima ya matangi unayoiona ukutani mara nyingi inategemea tangi moja kubwa lililofichwa chini, lenye pampu, hita na vichujio vya matangi yote. Kwa samaki mpango huo ni wa nafuu na unafanya kazi. Mwenye duka anayetaka kuongeza matumbawe na wanyama wasio na uti wa mgongo hushawishika kuliunganisha tangi jipya kwenye bomba hilohilo. Akifanya hivyo ameshaharibu kazi kabla ya kuwasha taa.

Tatizo ni shaba. Samaki wa baharini hufika wamechoshwa na safari, na ugonjwa wa madoa meupe huwavamia upesi. Dawa iliyozoeleka ni ya shaba, kiasi cha miligramu 0.2 hivi kwa lita ya maji. Samaki wengi huivumilia. Kamba, konokono, jongoo bahari na matumbawe hawaiwezi. Tena shaba haitoki kwa kubadilisha maji tu. Hujishika kwenye mawe ya chokaa na mchanga, kisha hurudi majini kidogokidogo. Kwa hiyo mawe na mchanga kutoka tangi lililowahi kutumika kutibu samaki hayafai kuwekwa kwenye tangi la matumbawe, hata ukipewa bure.

Ipo sababu ya pili ambayo mteja haambiwi. Baadhi ya maduka hupunguza chumvi kwenye maji ya samaki ili kudhoofisha vimelea, na pia kubana matumizi. Matumbawe yanataka chumvi kamili ya bahari, gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Kamba msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye huvuliwa pia pwani ya Kenya kwa biashara hii, akitolewa ghafla kwenye maji mepesi na kutiwa kwenye mazito anaweza kuonekana mzima jioni na asubuhi akakutwa amekufa. Dawa yake ni subira: mpira mwembamba unaodondosha matone ndani ya ndoo mpaka maji yalingane.

Basi mfumo wa matumbawe hujitegemea kwa kila kitu, mpaka nyavu na ndoo. Wavu ulioloa maji yenye dawa hauvuki upande wa pili.

Maji yenyewe hutengenezwa dukani. Carrollton iko kaskazini mwa Dallas, Texas, zaidi ya kilomita 400 kutoka ufuko wa Galveston, na maji ya bomba huyapata kutoka Dallas, yakiwa yametiwa kloramini. Hapa wengi huteleza. Mkaa wa kuchujia huivunja kloramini, lakini huacha amonia nyuma yake, na utando wa kuchujia hauizuii vya kutosha. Inayobaki hunaswa na resini iliyo hatua ya mwisho ya kuchuja. Resini ikichoka na mtu akaendelea kujaza mapipa, anachanganya chumvi ya bei ghali kwenye maji yenye sumu.

Mawe na bakteria sitayazungumzia sana: subiri wiki nne hadi sita, amonia na naitriti zishuke hadi sifuri, ndipo konokono waingie kwanza.

Linalotofautisha tangi la duka na la nyumbani ni kwamba wakazi wake hawakai. Matumbawe magumu hula kalsiamu na kabonati kila siku kujenga mifupa. Nyumbani ukishapima mahitaji, unaweka kiwango cha kuongeza madini na kukirekebisha polepole. Dukani, Jumamosi moja ya mauzo mazuri huondoa nusu ya walaji, na shehena mpya hurudisha wengine. Pampu ya madini iliyopangwa Jumatatu inazidisha dozi kufikia Jumapili. Kabonati ndiyo ya kupimwa kila siku, ibaki nyuzi 8 au 9 za kipimo cha Kijerumani. Kalsiamu, karibu miligramu 420 kwa lita, huyumba polepole zaidi.

Tangi hilo kwa kawaida huwa la kina kifupi, ili mteja atazame kutoka juu vipande vilivyogundishwa kwenye vidude vya kauri. Taa huwa za buluu. Mwanga huo unayafaa matumbawe, maana mwani mdogo anayeishi ndani yake huutumia kutengeneza chakula, lakini unamfaa muuzaji pia: kipande cha kahawia hung'aa kijani kama kimewashwa kwa umeme. Mimi ningeomba taa nyeupe iwashwe kabla ya kufungua pochi.

Kina kifupi kina gharama yake: maji hupoa haraka. Tarehe 16 Februari 2021 baridi katika eneo la Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri huku umeme ukikatika sehemu kubwa ya Texas, na wafugaji wengi wa matumbawe walipoteza matangi yao. Kiangazi nacho ni kikali. Mwaka 2011 eneo hilo lilipata siku 71 za nyuzi 38 au zaidi. Ila duka lina viyoyozi, na feni juu ya maji husaidia, mradi maji baridi yasiyo na chumvi yaongezwe kufidia yanayovukizwa. Umeme ukikatika, mara nyingi oksijeni huisha kabla joto halijashuka vya kuua. Kwa hiyo fedha zikitosha kimoja tu, ningenunua pampu ya hewa ya betri kabla ya mashine ya kupoza maji, na jenereta baada ya hapo.